Kifungu cha Saba

Mkataba wetu ulikuwa karatasi moja, mbele na nyuma,
umechapwa steshenari ya Igogo kwa wino wa kukata tamaa,
na kifungu cha saba kilisema:
matengenezo madogo ni ya mpangaji,
makubwa ni ya mwenye nyumba.
Basi. Hakuna aliyeuliza kipimo.

Chumba changu Mabatini kina kuta tatu za tofali,
ya nne ni jabali.
Mzee Ndalahwa hakulivunja, alilijengea,
kama mtu anayemkuta mgeni kakaa kwenye benchi
naye akajibana pembeni.
Kiangazi jabali lilinipa ubaridi wa bure.
Masika likaanza kutoa jasho,
halafu machozi, halafu mfereji
uliopita chini ya cherehani
ukaenda kulala ndani ya sare za kwaya.
Sare kumi na mbili. Zambarau ikahamia kwenye kola nyeupe
bila kubisha hodi.

Nilishuka kwake na ndoo, ndiyo ushahidi wangu.
Alipanda, akachungulia. "Hayo madogo," akasema,
"ufa hata kidole hakipiti."
"Mzee, maji hayana kidole."
Akarudi kwenye redio yake.

Mwezi wa nne sikulipa. Wa tano nao.
Nisiseme uongo hapa: hela nilikuwa nayo,
elfu tisini kamili, kwenye kopo la maziwa ya unga,
na usiku niliihesabu kwa raha ya mtu
aliyemshika mwenzake shati.

Jumanne, nikitoka Mwaloni na dagaa wangu,
nikakuta nyumba imeachama.
Mlango hakuna. Bawaba moja tu, imening'inia kama jino bovu.
Kaung'oa Mzee, kaubeba mgongoni,
kashuka nao ngazi zote zile za mawe, na umri ule,
majirani wakidhani kuna msiba.

Siku tatu nililala nyuma ya khanga.
Maneno yake sitayataja;
upepo wa ziwa uliyasoma usiku kucha.
Kichwa cha cherehani nilikikumbatia
kama mtoto mwenye homa.

Ofisi ya mtaa. Bi. Mbuke, mtendaji,
alisoma karatasi, akaigeuza, akatafuta zaidi,
akavua miwani.
"Wewe Nyangeta, kodi si kamba ya kumfungia mtu.
Ungeandika, ungempa siku, ungekuja hapa kabla ya kopo.
Na wewe Mzee, mlango ukishaupangisha
si mzigo wako tena. Nyumba yako, sawa;
usingizi ulio ndani ni wa huyu,
mpaka baraza liseme vingine."
Mzee akatazama vidole vyake vya miguu.
Nami nikatazama vyangu. Tope lilelile.

Kuhusu kifungu cha saba,
Bi. Mbuke aliuliza jabali ni la nani.
Kimya. Nje mtu ananadi sangara.
"La Mungu," akasema Mzee, baada ya muda.
"Basi jabali mwachieni. Ufa ni wako,
ulianza pale ulipoishia kujenga."

Jioni akaurudisha mlango. Sikumsaidia.
Halafu nikamsaidia, maana ngazi ya pili kutoka juu
inacheza (na hiyo je, ndogo au kubwa?).
Nikamhesabia tisini. Akanirudishia kumi na mbili,
za saruji niliyokwisha kununua.
Risiti niliandika mimi; yeye akatia dole gumba
taratibu, kama anayebonyeza kengele
kwenye nyumba asiyoijua.

Kola za kwaya nililipa mwenyewe.
Hizo hazikuandikwa popote.

Jana mvua imenyesha kutwa, ukuta mkavu.
Ila alfajiri, nikiweka kiganja juu ya jabali,
kuna unyevu.
Mdogo, nadhani.
Si wa kumwamsha mtu.